Pia, Butu na Ncha: Mintarafu ya Istilahi za Kugawa Maumbo Yanayopungua, kwa Mfano wa Mafundi wa Kamukunji

1. Madhumuni

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umbo lenye ujazo, lililo pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, linavyoweza kugawanywa kwa utaratibu kuwa vipande vidogo vyenye nyuso sita, na kisha kuchunguza ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuyabeba maelezo hayo. Ugawaji wa namna hii ni kazi ya kawaida ya wahandisi wanaotumia kompyuta kukadiria joto, mkazo au mtiririko ndani ya kitu. Katika vyuo vikuu vya Kenya somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini maumbo yenyewe hufuliwa kila siku mashariki mwa jiji la Nairobi, mikononi mwa watu ambao kazi zao huziendesha kwa Kiswahili na kwa Sheng. Mhandisi anayeweza kukokotoa joto la ukuta wa jiko, na fundi anayelitengeneza jiko hilo, wanashughulikia umbo moja, na hawana msamiati mmoja wa kulizungumzia.

Hoja yenyewe ni finyu. Neno ambalo mfasiri hulikimbilia kwanza anapotaka kutaja umbo la namna hii ni kuchongoka. Neno hilo linachanganya mambo mawili ambayo fundi wa bati huyatenganisha kwa mkono na mtaalamu wa hesabu huyatenganisha kwa mlinganyo: upana kupungua, na upana kwisha kabisa kwenye ncha. Linafunika pia tofauti nyingine, kubwa zaidi, kati ya kupungua kwa ukubwa na kupungua kwa idadi. Istilahi isiyozitambua tofauti hizi haitakuwa na kasoro ya mtindo tu. Itamfikisha mwanafunzi kwenye jibu la uongo.

2. Kamukunji na maumbo yake

Karakana za wazi za Kamukunji ziko karibu na mto Nairobi, zikipakana na Gikomba, Muthurwa na Shauri Moyo. Pumwani, iliyo jirani, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa huo tangu mwanzo, kwa kuwa miongoni mwa wakazi wake wa awali walikuwamo Waislamu wa asili mbalimbali waliokwisha kukichukua kuwa lugha yao. (Uwanja wa Kamukunji wenyewe unajulikana zaidi kwa siasa, hasa mkutano wa Saba Saba wa mwaka 1990 uliopigwa marufuku, na wanafunzi wa vyuo vikuu wamelichukua jina lake kuwa neno la mkutano wao wowote. Hivyo chuo kikuu kimekwisha kukopa neno kutoka huko, ila si neno la ufundi.)

Mafundi hao ndio waliolitia nguvu jina la jua kali, yaani kazi ifanywayo bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na mabanda yakajengwa baadaye. Na mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera juu ya biashara ndogo ndogo na maendeleo ya jua kali, ambamo neno hilo la mtaani lilitumika katika lugha ya serikali. Bidhaa zao ni makarai, masanduku ya wanafunzi, majiko, toroli, vyombo vya kulishia kuku na vinginevyo vingi. Mapipa ya mafuta hupasuliwa na kunyoshwa kuwa bati bapa, na mara nyingi fuawe ni kipande cha reli.

Maumbo mawili katika bidhaa hizo yatatosha hapa. La kwanza ni beseni la toroli, ambalo wengi huliita wilbaro. Lina mdomo mpana, sakafu iliyo ndogo kuliko mdomo, na kuta nne zinazolala kwa mshazari. Mdomo ukihesabiwa kuwa uso mmoja, beseni hilo lina nyuso sita, pembe nane na kingo kumi na mbili, sawa na tofali la kujengea nyumba. Tofauti ni kwamba nyuso zake hazilingani.

La pili ni jiko la makaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilienezwa nchini Kenya jiko jipya ambalo wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Shirika la KENGO lilikuwa miongoni mwa waliowafunza mafundi kulitengeneza, na Shauri Moyo ikawa moja ya vituo vyake. Gamba lake la bati lina kiuno: sehemu ya juu hupungua kwenda chini, na ya chini hupanuka kwenda kwenye kitako. Ndani ya sehemu ya juu hukaa ukuta wa udongo uliochomwa, wenye matundu chini ya kupitishia hewa na kudondoshea majivu. Gamba ni kazi ya fundi wa bati, na ukuta ni kazi ya mfinyanzi. Na umbo la kimoja lazima likubaliane na la kingine.

Kwa lugha ya jiometria, sehemu hiyo ya juu ni pia iliyokatwa ncha. Neno pia, kwa maana ya umbo la duara linalokwenda kwisha kwenye ncha, limetokana na kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba, na limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule. Ni neno lililoteuliwa vizuri, kwani mtoto aliyekwisha kuichezea pia haihitaji kuchorewa.

Jinsi bati bapa linavyokuwa pia iliyokatwa ni jambo linalostahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wazo zima la makala haya limo humo. Chukuliwe sehemu ya juu ya jiko yenye kipenyo cha sentimita 30 mdomoni, sentimita 20 kiunoni, na kimo cha sentimita 12. Nusukipenyo hupungua kutoka 15 hadi 10, yaani kwa sentimita 5. Ukuta wa mshazari basi una urefu wa sentimita 13, kwa kuwa 12 kwa 12 ni 144, 5 kwa 5 ni 25, jumla yake ni 169, na kipeo chake cha pili ni 13. Kama kuta zingeendelea kushuka bila kukatwa, zingekutana kwenye ncha iliyo umbali wa sentimita 39 kutoka mdomoni, ukipimwa kwa kufuata mshazari. Kwa hiyo juu ya bati huchorwa matao mawili kutoka kitovu kimoja, la nje kwa nusukipenyo cha sentimita 39 na la ndani kwa sentimita 26, na kipande kinachokatwa kati yake huchukua takriban digrii 138 na nusu za duara.

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kitovu cha matao hayo ndiyo ncha ya pia, nayo haimo ndani ya kipande kinachokatwa, na katika jiko lililokamilika haipo mahali popote pa kuguswa. Ncha ni kitu cha kupimia tu. Fundi anaitumia, kisha anaitupa pamoja na mabaki ya bati.

Tao la nje likigawanywa mara 12, kila sehemu ina sentimita 7.85, tao la ndani likigawanywa mara 12 vilevile, kila sehemu ina sentimita 5.24. Mistari inayounganisha alama za nje na za ndani haikutani, ila inakaribiana. Idadi imebaki 12 mwanzo hadi mwisho. Kilichopungua ni nafasi kati ya mstari na mstari.

3. Wavu wa hesabu

Mhandisi anapotaka kujua joto katika kila sehemu ya ukuta wa udongo wa jiko, na kwa nini ukuta huo unapasuka mahali fulani, hana mlinganyo mmoja wa kumpa jibu kwa umbo zima. Sheria ya mwendo wa joto aliyoiandika Joseph Fourier wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19 inajulikana, lakini kuitatua katika umbo lenye kuta za mshazari na matundu hakuwezekani kwa kalamu. Njia iliyopatikana ni kulikata umbo kimawazo kuwa vipande vingi vidogo, kuchukulia kwamba ndani ya kila kipande joto hubadilika kwa namna rahisi, na kisha kuviunganisha vyote kwenye pembe zake. Mbinu hii ilipewa jina lake la Kiingereza na Ray Clough wa Marekani mwaka 1960, na kitabu cha Olgierd Zienkiewicz cha mwaka 1967 kiliieneza.

Vipande vinavyotumika katika umbo lenye ujazo ni vya aina mbili hasa. Kuna chenye nyuso nne za pembetatu, na kuna chenye nyuso sita za pembenne, ambacho makala haya yanakiita tofali. Tofali moja haliwezi kugawanywa kuwa vipande vya nyuso nne vilivyo pungufu ya vitano. Hivyo kwa kujaza nafasi ileile matofali huwa machache, na katika kazi nyingi hutoa jibu zuri kwa gharama ndogo. Kasoro yao ni ukaidi. Vipande vya nyuso nne hukubali kujaza karibu umbo lolote, ilhali matofali hudai mpango.

Mpango huo hueleweka kwa mfano wa mitaa ya Nairobi yenyewe. Katika mtaa uliojengwa kwa ramani, kama Buruburu au Umoja ya miaka ya 1970, nyumba zimepangwa safu kwa safu. Mtu akijua safu na nafasi ya nyumba katika safu hiyo, anawajua majirani wake bila kumwuliza yeyote. Katika kijiji cha Mathare, ambako nyumba zilijengwa kila mtu alipopata nafasi, hakuna nambari inayomtaja jirani. Lazima mtu aulize, au awe na orodha. Wavu wa matofali uliopangwa ni wa aina ya kwanza. Kila pembe hutajwa kwa nambari tatu: ya ngapi kwa upana, ya ngapi kwa urefu, ya ngapi kwa kimo. Jirani wa juu ni yuleyule mwenye nambari ya tatu iliyozidi kwa moja. Kompyuta haihitaji orodha ya majirani.

4. Idadi na ukubwa

Beseni la toroli sasa lirahisishwe: mdomo wa mraba wa sentimita 40, sakafu ya mraba wa sentimita 20, kina cha sentimita 30, na lichukuliwe kwamba limejazwa zege hadi mdomoni. Mdomo ugawanywe mara 8 kwa kila upande, sakafu mara 8 vilevile, na kina mara 10. Matofali yatakuwa 8 kwa 8 kwa 10, yaani 640, na pembe zake, mahali nyuzi zinapokutana, zitakuwa 9 kwa 9 kwa 11, yaani 891. Mahali pa kila pembe hupatikana kwa kuchanganya pembe nane za beseni kwa uwiano wa umbali, kama vile rangi mbili zinavyochanganywa kidogo kidogo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ikiwa kuta zenyewe zimepinda, hazichanganywi pembe nane tu bali kingo na nyuso nzima. William Gordon na Charles Hall waliieleza njia hiyo kwa ugawaji wa nyavu mwaka 1973, na ingali ikitumika katika programu kama Gmsh.

Jambo la kuzingatia ni kwamba matofali ya mdomoni yana upana wa sentimita 5, na ya sakafuni sentimita 2.5, lakini kila tabaka lina matofali 64, wala halipungui hata moja. Hivyo ndivyo alivyofanya fundi kwa matao yake mawili.

Kasoro inaanza kuonekana kwenye kimo. Tabaka zote zikipewa kimo cha sentimita 3, tofali la juu litakuwa bapa, na la chini litakuwa limesimama wima. Si hitilafu kubwa katika mfano huu, lakini sakafu ikipunguzwa hadi sentimita 2, matofali ya chini yatakuwa na upana wa robo sentimita na kimo cha sentimita 3, kama njiti za kiberiti, na jibu litaharibika. Dawa ni kuzipunguza tabaka kwa uwiano uleule ambao upana unapungua. Katika beseni la mfano upana hupungua kwa nusu katika tabaka 10, na hivyo kila tabaka ifuatayo huzidishwa kwa 0.933. Tabaka ya juu itakuwa na kimo cha takriban sentimita 4.02 na ya chini kabisa sentimita 2.15, na kila tofali litakuwa na sura ileile ya lililo juu yake. Kupungua kumekuwa kwa ukubwa pekee, si kwa idadi wala kwa sura.

Ukuta wa udongo wa jiko ni mwepesi zaidi kuliko unavyotazamiwa, kwa sababu una uwazi katikati. Ukigawanywa mara 3 kwa unene, mara 36 kwa kuuzunguka na mara 8 kwa kimo, hutoa matofali 864. Pembe zake ni 4 kwa 36 kwa 9, yaani 1,296. Kwa kuzunguka pembe ni 36, si 37, kwa kuwa uzi wa mwisho ndio ule wa kwanza. Fundi wa bati anaijua tofauti hii kwa njia yake: bati likiwa bapa lina kingo mbili, na likikunjwa kingo hizo huwa mshono mmoja, nao huachiwa upana wa ziada ili zipishane.

Ugumu hutokea pia isipokuwa na uwazi. Mtu akiigawa kama keki, kutoka mhimili wa katikati kwenda nje, vipande vinavyougusa mhimili havitakuwa na nyuso sita, maana uso mmoja umejikunja ukawa mstari. Kuna kipimo, ambacho hutajwa kwa jina la Carl Jacobi, kinachoonyesha ujazo wa tofali la hesabu umenyoshwa au umebanwa kiasi gani kwenye kila pembe. Kikiwa chanya tofali ni zima. Kikiwa sifuri pembe imelala. Kikiwa hasi tofali limegeuka ndani nje, na hesabu yote haina maana. Kwenye mhimili kipimo hicho ni sifuri. Njia iliyozoeleka ni kuacha kugawa kutoka mhimilini. Katikati huwekwa kiini cha mraba, na kukizunguka huwekwa sehemu nne zinazoenda hadi kwenye duara. Pia butu yote huwa sehemu tano, kila moja ikiwa na nyuso sita, na kila moja hupungua kwenda chini kama beseni la toroli.

5. Ncha

Yote yaliyosemwa yanategemea umbo kukatwa kabla ya ncha. Upana ukifika sifuri, matofali yote 64 ya tabaka ya mwisho yanakuwa na kilele kimoja cha pamoja, na kipimo cha Jacobi kinakufa. Hapo ndipo neno kuchongoka linapomdanganya mwanafunzi, kwa kuwa linamfanya aone ncha hata pale ambapo haipo, na afikiri ni sehemu ya kawaida ya kazi pale ilipo.

Ncha si sehemu ya kawaida. Mjerumani Robert Schneiders alitoa mfano katika miaka ya 1990 ambao umewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu: piramidi yenye kitako cha mraba kilichogawanywa kuwa pembenne nne, na kila ubavu wa pembetatu umegawanywa kuwa pembenne tatu. Swali ni kama ndani yake panaweza kujazwa matofali yanayokubaliana na mistari hiyo ya nje. Linaonekana kuwa swali la mtoto. Mwaka 2010 Yamakawa na Shimada walitoa jibu lenye matofali 88, na baadaye yakapatikana majibu yenye matofali machache zaidi. Lakini si umbo ambalo mtu angelitamani katika hesabu ya kawaida, kwani matofali hayo yamepindana mno.

Njia nyingine ya kuikaribia ncha ni kuipunguza idadi yenyewe hatua kwa hatua. Hapa fundi wa bati hana la kufundisha, kwa sababu yeye hapunguzi idadi kamwe. Mwenye ujuzi huo ni msuka nyavu wa pwani. Kimia, wavu wa duara unaotupwa kwa mkono, ukining'inizwa kwa kamba yake ya katikati huwa na umbo la pia. Wavu wa kutupa husukwa kuanzia juu, na kadiri unavyopanuka macho huongezwa, la sivyo macho ya chini yangekuwa makubwa kiasi cha kupitisha samaki. Jicho hubaki na ukubwa ule ule. Idadi ndiyo inayobadilika. Ni kinyume kamili cha bati la jiko.

Mhandisi anayetaka kufanya hivyo kwa pembenne hukutana na sharti ambalo msuka nyavu hana. Kila pembenne ina nyuzi nne. Nyuzi zote za pembenne zote zikijumlishwa, uzi wa ndani huhesabiwa mara mbili kwa kuwa uko kati ya macho mawili, na uzi wa ukingoni mara moja. Jumla inagawika kwa nne, na sehemu ya ndani inagawika kwa mbili. Basi idadi ya nyuzi za ukingoni lazima igawike kwa mbili. Kwa hiyo kuvuka kutoka nyuzi 2 hadi 1 ndani ya sehemu moja yenye ubavu mmoja mmoja hakuwezekani, maana 2 na 1 na 1 na 1 ni 5. Kutoka 3 hadi 1 kunawezekana, maana jumla ni 6, na hutosha pembenne nne. Kutoka 4 hadi 2 kunawezekana pia. Katika ujazo sharti ni lile lile kwa nyuso: zile za nje lazima ziwe shufwa. William Thurston na Scott Mitchell walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kwa umbo lisilo na tundu sharti hilo linatosha, mradi nyuso ziruhusiwe kupinda. Piramidi ya Schneiders ina nyuso 16 za nje, na hivyo haikukatazwa na hesabu hiyo, bali ni ngumu tu.

6. Uteuzi wa maneno

Katika mwongozo wao wa uundaji wa istilahi uliotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1992, Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko walilishughulikia suala la vyanzo vya istilahi, na Kiswahili chenyewe ni kimoja cha vyanzo hivyo. Katika uwanja huu chanzo hicho hakihitaji hata kuchimbwa.

Kwa umbo linalopungua bila kufika ncha, neno butu linafaa kuliko yote: pia butu, piramidi butu. Kisu butu ni kile ambacho makali yake yamekwisha, na msikilizaji haoni ncha. Kuchongoka kuachiwe maumbo yenye ncha halisi. Kitendo chenyewe kiitwe kupungua, na palipo na hatari ya utata kisemwe kwa ukamilifu, kupungua kwa ukubwa au kupungua kwa idadi. Kusinyaa, ambalo huenda mtu akalipendekeza, lina maana ya kitu kukauka au kunyauka, toroli haisinyai.

Kwa jumla ya vipande, neno wavu halina mpinzani. Meshi imekwisha kuingia madukani kwa maana ya wavu wa waya, na kuirudia darasani ni kumchanganya mtu bila faida. Wavu huleta pamoja naye jamaa zake: uzi kwa mstari, fundo kwa mahali nyuzi zinapokutana, jicho kwa pembenne moja. Fundo hasa ni zawadi, kwa kuwa katika hesabu hii joto hukokotolewa kwenye mafundo, na nguvu ya wavu iko kwenye mafundo. Ni kwa sababu ya kulinda neno uzi kwamba vipimo vya pembe vimetajwa hapo juu kwa digrii, ingawa nyuzi zimezoeleka katika vitabu vya hisabati.

Jicho, hata hivyo, lina mpaka wake. Jicho la wavu ni uwazi, na kipande cha ujazo si uwazi. Kimejaa udongo au zege. Mtu akikiita jicho, mwanafunzi atapoteza tofauti kati ya uso na kilicho nyuma ya uso. Ndiyo sababu tofali limetumika kwa kipande chenye ujazo, na jicho likabaki kwa uso wake mmoja. Kwamba tofali la mfinyanzi wa matofali lina pembe za mraba na hili halina si kikwazo: hata tofali lililopinda tanuruni linaitwa tofali.

Wavu uliopangwa uitwe wavu wa safu. Kuhusu ule usiopangwa, kuna kishawishi cha kuuita wavu holela. Kishawishi hicho kikataliwe. Holela ni neno la dharau, na Nairobi limekwisha kufanya kazi yake mbaya katika msemo makazi holela, kana kwamba wanaoishi Mathare hawana utaratibu. Wavu wa vipande vya nyuso nne una utaratibu wake, ila utaratibu huo umo katika orodha ya majirani na si katika nambari za safu. Na mara nyingi ndio pekee unaoweza kulijaza umbo lenye matundu, kama chini ya ukuta wa jiko. Wavu huru linatosha.

Linabaki neno la mahali ambapo pia butu mbili zinakutana, kama kwenye gamba la jiko. Hapo nyavu za sehemu mbili lazima ziwe na idadi moja ya nyuzi na zikutane fundo kwa fundo, ama sivyo joto litakatika katika hesabu ingawa halikatiki katika chuma. Kiuno linaeleweka mara moja kwa mtu yeyote aliyekwisha kuliona jiko hilo. Lakini kuna maumbo yenye makutano ya namna hiyo yasiyo na wembamba wowote mahali hapo, na kuyaita kiuno kungekuwa kurudia kosa lile lile la kuchongoka. Kwa hayo neno mshono, la fundi wa bati na la fundi cherehani, lina maana ileile na halidai wembamba.